Sufuria zetu za Kariakoo nimezikuta kwenye meli iliyozama Ziwa Nyasa. Baba mdogo hakuiba

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi humu ni msomaji tu. Nikichangia sana ni jukwaa la michezo, na huko ni utani na matusi. Uzi wangu mwenyewe sijawahi kuanzisha. Lakini hili limenikaba na sina pa kulitua, kwa hiyo nitalisema kama lilivyokuwa. Pale nilipofanya ujinga nitasema nilifanya ujinga. Majina ya watu nimebadilisha na jina la chombo silitaji. Mtaa nimeuacha hivyo hivyo, Kariakoo ni kubwa.

Wale wa "fupisha mkuu", huu haufupishiki. Piteni kwa amani.

Familia yetu ni watu wa sufuria. Babu alifungua duka pembeni ya mtaa wa Msimbazi enzi ambazo Kariakoo ilikuwa bado ya nyumba za chini, vyumba vinatazamana na ua katikati. Alipofariki duka likabaki kwa wanawe wawili: Mzee wangu, ambaye ndiye mkubwa, na mdogo wake, nitamwita baba mdogo Idrisa.

Mzee alikaa dukani na wateja. Ba'mdogo alikuwa mtu wa safari. Wateja wa mikoani wanaagiza, sisi tunafunga mzigo, yeye anausindikiza mpaka ufike. Alikwenda Mbeya, Songea, mpaka vijiji vya Ziwa Nyasa ambako miaka ile barabara ilikuwa mateso na mzigo ulimalizia safari kwa meli ndogo za mizigo.

Alikuwa mcheshi balaa. Akirudi safari anakaa uani anaiga makondakta na mapolisi wa njiani mpaka mtu unashika mbavu. Bibi yetu, mama yao, alimpenda kuliko Mzee, na hakuficha. Mzee alijua. Hili likumbukeni.

Kuna mambo mawili ya kazi yetu lazima niyaeleze, bila hayo uzi wote hauna maana.

La kwanza ni nukta. Sufuria zinauzwa kwa seti, kubwa inabeba wenzake wote ndani. Ile kubwa tunaigeuza, tunaigonga nukta tatu kwa msumari kwenye kitako. Alianzisha Babu. Mtu akija kurudisha sufuria iliyotoboka, tunageuza. Tukikosa nukta tatu tunamwambia akatafute alikonunua. Mpaka leo tunagonga.

La pili ni alama ya kiroba. Mzigo wa safari tunaupanga kwenye viroba vikubwa, tunashona midomo kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, halafu ndiyo tunapiga alama kwa rangi nyekundu: herufi mbili za jina la Babu na namba ya safari. Sheria ya Mzee ilikuwa kwamba alama inapigwa baada ya kushona. Kiroba chenye alama maana yake kimejaa, kimefungwa, na hakifunguliwi mpaka kwa mteja.

Mpiga alama nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimemaliza form four na matokeo ya kuficha, Mzee akaniweka dukani kwa huruma.

Sasa safari ya 31.

Mzee alikuwa Tanga msibani. Dukani tumebaki mimi na ba'mdogo. Siku ya kufunga mzigo ikaangukia siku ya mechi ya watani wa jadi. Wakuu mnaijua siku ile Kariakoo inavyokuwa, hata wauza kahawa wanavaa jezi.

Nikapiga hesabu. Nikisubiri vibarua wapange, washone, ndipo nipige alama, mpira utakuwa umeisha. Ba'mdogo alikuwa nje anabishana na mtu wa lori. Nikachukua viroba vitupu kumi na viwili, nikavitandaza stoo, nikavipiga alama vyote. 31, 31, 31. Nikawaachia vibarua wawili wa siku moja, wa kuokoteza pale sokoni, waendelee. Nikaenda zangu mpirani.

Niliporudi, mzigo wote umeenea kwenye viroba vinane na umeshapakiwa. Vinne vimebaki vitupu, na alama yake.

Mtu mwenye akili angevichoma moto. Mimi nilivikunja nikavichanganya na viroba chakavu, na mnunuzi wa viroba vitupu alipopita kesho yake nikampa vyote. Sikuvifikiria tena. Timu yangu ilikuwa imefungwa, nilikuwa na huzuni zangu.

Ba'mdogo akasafiri na mzigo.

Baada ya wiki mbili akarudi amevaa malapa ya mtu na shati lililombana. Akasema meli iligonga mwamba karibu kabisa na kijiji kimoja, ikajaa maji, ikakaa chini. Maji yenyewe si marefu, wengine walitoka kwa kuogelea, wengine walivutwa na mitumbwi. Hakufa mtu hata mmoja. Na kwa sababu hakufa mtu, hakuna redio iliyoisema.

Watu wakampa pole. Mzee akamkumbatia. Bibi akachinja kuku.

Siku chache mbele, Mzee anapita mtaa wa pili kutoka kwetu, duka la jamaa anayeuza malapa ya jumla. Mlangoni kuna viroba vinne vimejaa malapa. Rangi nyekundu. Herufi za jina la baba yake. 31.

Mnaelewa alichokiona Mzee. Kwake yeye hakuna kiroba kitupu chenye alama. Kama kiroba cha 31 kipo Kariakoo, basi kilifunguliwa Kariakoo, sufuria zikauzwa hapa hapa, na kuzama kwa meli ni bahati aliyoipata mwizi. Muuza malapa alipoulizwa akasema kanunua kwa mtu wa viroba. Mtu wa viroba alipoulizwa akasema yeye anazunguka Kariakoo nzima, atakumbuka vipi?

Mzee akatuma mtu mpaka ziwani. Akarudi akasema meli ipo kweli, imezama kweli, lakini ukichungulia ndani ni saruji tupu. Ilipakiwa mifuko ya saruji juu ya mizigo mingine, ikalowa, ikageuka jiwe. Vya juu wanakijiji walishachukua. Sufuria hakuna aliyeiona hata moja.

Kikao kikakaa nyumbani baada ya swala ya Ijumaa. Wazee wa mtaa sita, Mzee, Bibi yuko chumbani mlango wazi anasikia. Ba'mdogo amekaa mkekani, miguu ameikunja kama mwanafunzi wa madrasa.

Alijitetea kidogo tu, kwamba mzigo ulikuwa viroba vinane na vyote vilipanda meli. Halafu akanigeukia mimi. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, alikuwa anajua mimi ni mtu wake.

"Rajabu mwanangu, hebu waambie hawa. Alama ulizipiga lini?"

Wakuu, jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilimwangalia Mzee. Sikuogopa kupigwa, nilikuwa mtu mzima. Niliogopa kufukuzwa dukani, na mimi sikuwa na pengine pa kwenda. Nikajiambia nitamweleza Mzee baadaye, tukiwa wawili, akiwa amepoa.

Nikasema, "Baada ya kushona."

Maneno matatu.

Ba'mdogo alinitazama kama ambaye hajasikia vizuri. Kisha akaomba msahafu, akaapa mbele ya watu wote kwamba mzigo ulipanda meli ukiwa mzima. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema, "Mtu akishafika hapa pa kuapa, basi tena." Kiapo ndicho kikammaliza kabisa, maana kwao sasa alikuwa mwizi aliyeapa uongo.

Akatoka dukani siku hiyo hiyo. Akahamia Kigamboni. Kazi aliyoipata ni pale Feri, soko la samaki, kukaanga. Watu wananunua samaki mnadani, wanampelekea, anawakaangia. Mtu ambaye jina la baba yake liko kwenye kibao cha duka Kariakoo.

Na mimi ile "baadaye" haikufika. Mnaijua hiyo kitu? Siku ya kwanza unashindwa, siku ya pili unaona aibu ya siku ya kwanza, mwaka unapita.

Nikajitengenezea uongo wa kulalia. Nikawa najiambia, sawa, viroba vinne ni vyangu, lakini nani anajua? Labda na yeye aliuza kweli. Labda zilipotea sufuria na viroba vyangu vikaangukia humo humo. Mbona yule mtu aliyetumwa hakuziona? Uongo huo nimekaa nao miaka zaidi ya ishirini, nikaoa nao, nikazaa nao, nikarithi kiti cha Mzee dukani nao.

Kuna siku moja lakini uongo wenyewe ulinishinda.

Bibi alifariki. Ba'mdogo akaja msibani, akakaa mwisho wa mkeka kule karibu na viatu. Tukafika makaburini. Wanaojua wanajua: mama anapokelewa kaburini na wanawe. Mzee akaingia. Ba'mdogo akavua viatu, akakunja suruali, akasogea.

Mzee akiwa mle mle ndani akanyoosha mkono akamzuia. "Wewe kaa hapo. Rajabu, ingia."

Nikaingia.

Nilimpokea Bibi miguuni, mahali pa ba'mdogo. Nilipoinua macho nilimwona amesimama ukingoni, suruali imekunjwa mpaka magotini, hana viatu, hajui mikono aiweke wapi. Nilikuwa naweza kusema. Nikainama nikaendelea kupanga udongo.

Sasa nije kwenye meli.

Mwaka huu, mvua za masika zikiwa zinaisha, akaingia dukani dada mmoja, nitamwita Neema. Kaja Kariakoo kununua miwani ya kuogelea na ile mirija ya kupumulia, dazeni kadhaa. Anatembeza wageni Ziwa Nyasa, na kwa mama yake kuna nyumba ya wageni. Akapitia kwangu kutafuta sufuria za jikoni.

Mwanamke anayejua kununua sufuria haangalii mng'aro, anageuza. Neema akageuza. Akaangalia kitako, akapitisha kidole.

"Kaka, hizi nukta tatu ni za kwenu?"

"Za kwetu tu, dada. Hazipo kwingine."

"Mbona ziko kwenye meli yetu?"

Nikamuuliza meli gani. Akanielezea akiwa amechangamka, ni mtu wa biashara, alidhani ananivutia niwe mgeni wake. Kuna meli ndogo ya mizigo ilizama zamani karibu na kijiji chao. Iko chini kidogo tu, paa la chumba cha nahodha unakaribia kulishika kwa mkono ukielea juu. Wazungu na hata Watanzania wa mjini wanakuja, wengine wanazama na mitungi ya hewa, wengine wanaelea na mrija tu na wanaona kila kitu maana maji ni meupe. Akasema zamani kulikuwa na saruji tu. Miaka ya karibuni bati la ubavuni limeliwa na kutu, likafunguka, na sufuria zikamwagikia nje.

Nilikaa chini. Neema akadhani nina presha, akaniletea maji.

Wiki iliyofuata nikafunga safari. Mke wangu nilimwambia naenda kufuatilia wateja wa kusini. Mtu nimezaliwa hatua chache kutoka baharini na sijui kuogelea. Pantoni ya Magogoni yenyewe huwa napanda nikiwa nimeshika chuma, na watoto wangu wananicheka. Lakini nilitaka kuona kwa macho yangu. Na niseme ukweli wa aibu: njia nzima niliomba nisizione. Niliomba iwe sufuria moja au mbili za mpishi wa meli, ili uongo wangu uendelee kusimama.

Neema akanivalisha jaketi la kuelea, miwani, mrija. Akaniambia, "Kaka weka uso ndani, pumua kwa mdomo, mimi nimekushika." Nikanywa maji mara tatu. Hayana chumvi, jambo lililonishangaza kijinga, kana kwamba sikujua ziwa ni nini. Mara ya nne nikatulia.

Meli iko chini yako nzima. Imelala kidogo upande, imevaa ukijani kama jiwe la kisimani. Samaki wadogo wa bluu wanaingia na kutoka madirishani. Juu ya mzigo kuna mifuko ya saruji, karatasi imeoza zamani, saruji imebaki na umbo la mfuko, mpaka mikunjo ya pembeni inaonekana. Na pale ubavuni palipotoboka, mchangani, sufuria zetu.

Si moja wala mbili. Seti kwa seti, nyingine bado zimekaa ndani ya wenzake kama alivyozipanga kibarua. Ndani ya tundu unaona nyingine zimesongamana nyuma ya saruji, kiroba kimechakaa kimebaki nyuzi. Mzigo wote ulikuwa mle.

Neema akazama, akachukua moja kubwa, akaja nayo mpaka usoni pangu, akaigeuza. Alishaifuta kwa kiganja. Nukta tatu. Ya katikati imeingia zaidi kuliko wenzake.

Hiyo niliigonga mimi. Mkono wangu una tabia hiyo mpaka leo.

Nililia ndani ya ile miwani, ikajaa machozi na ukungu, nikawa sioni. Pembeni kulikuwa na vijana wawili wametoka huko huko Dar, mmoja kavaa sufuria yetu kichwani, mwenzake anampiga picha, wanachekea kwenye mirija wanatoa mapovu. Sina la kuwalaumu. Kwao ni meli tu.

Tulipotoka nikamwomba Neema anipe ile moja niondoke nayo. Nikamwambia nitalipia.

"Hapa hakitoki kitu, kaka. Hata kijiko. Kila mtu akiondoka na chake tutabaki na kutu."

"Ni sufuria za baba yangu."

"Basi njoo uziangalie siku yoyote," akasema. "Bure."

Akanipigia picha kwa kamera yake ya majini, kitako kinaonekana safi kabisa. Nikarudi Dar na picha.

Nilianza kwa Mzee. Alikuwa ameshaacha kushuka dukani, kisukari kimemla mguu, anakaa barazani na redio yake. Nikamsalimia, nikakaa mkekani, nikamweka simu mkononi. Akavaa miwani. Akaisogeza picha karibu na macho.

"Siku hizi picha zinatengenezwa," akasema.

"Baba, nimeziona kwa macho yangu."

Halafu nikamwambia yote. Mechi, viroba kumi na viwili, vinne vilivyobaki, mtu wa viroba. Nilitegemea anitukane. Nilitegemea anitupie fimbo. Alizima redio tu.

Kisha akasema, "Mama alikuwa ananiambia. Kila siku mpaka anakufa. Idi hawezi. Nikawa naona anamtetea kwa sababu ni Idi wake."

Nikamwomba tuite watu, tumwite ba'mdogo, tulimalize. Akakataa.

"Unataka nife naitwa dhalimu? Nimemtoa ndugu yangu dukani, nimemtoa kwenye kaburi la mama yake. Niache nipumzike. Nikishakufa mtasema mnachotaka."

Hapo nilimchukia baba yangu, naomba Mungu anisamehe. Kisha nikakumbuka nani aliyemfikisha hapo.

Sikuvumilia. Baada ya siku chache nikaenda Feri. Nilimkuta ba'mdogo kwenye karai lake, amevaa aproni ya plastiki, ndevu zote nyeupe. Mnada ulikuwa umeisha, wateja wamepungua.

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba." Akanitazama. "Una samaki?"

Nikamwambia sina. Nikamwonyesha picha, nikamwambia palepale nimesimama, moshi wa mafuta unaniingia machoni. Hakuacha kugeuza samaki hata mara moja. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Mama alijua?"

"Hakujua ba'mdogo. Nilikuwa sijamwambia mtu."

Akaopoa samaki, akawapanga kwenye gazeti, akawakung'utia chumvi. Nikaanza kuomba msamaha. Akanikata.

"Usiniombe msamaha hapa kwenye karai. Uliulizwa mbele ya watu, ukajibu mbele ya watu. Unataka kurudisha? Rudisha pale ulipochukua."

Nikamwahidi. Nikamwambia Mzee anaumwa, akipata nafuu tu.

Akacheka kidogo. "Haya. Akipata nafuu."

Mzee hakupata nafuu. Alifariki mwezi uliopita.

Ba'mdogo alikuja. Akakaa pale pale, mwisho wa mkeka, kwenye viatu. Mtaa mzima ulikuwepo, wengi wao ni watoto wa wale wa kikao, na wawili kati ya wale wazee sita bado wako hai na walikuwepo. Tulipofika makaburini nikaingia mimi na mdogo wangu. Nafasi ya tatu nikaiacha wazi makusudi. Nilikuwa nimeipanga hiyo siku nyingi. Niliona hiyo ndiyo itakuwa namna ya kusema bila kusema, watu watamwona ndugu anaingia, yatakuwa yameisha.

Nikanyoosha mkono juu. "Ba'mdogo, ingia."

Alikuwa ukingoni kabisa. Hakuvua viatu. Alinitazama mle chini, akaongea taratibu, lakini palikuwa kimya na watu walisikia.

"Endelea wewe. Nafasi yangu ushaizoea."

Akarudi nyuma.

Nikasikia mnong'ono unapita. Na mmoja wa wale wazee wawili, yule yule wa "basi tena", akasema kwa sauti kabisa: "Mpaka kaburini ana kinyongo. Na yeye ndiye aliyeiba."

Wakuu, hapo ndipo palikuwa penyewe. Mbele ya watu, kama alivyotaka. Nimesimama chini, udongo umenifika kwenye vifundo, watu wote wananiangalia mimi. Maneno nilikuwa nayo.

Nikainama nikampokea Mzee.

Ndiyo, nimenyamaza tena. Mara ya tatu. Mtanitukana na ni haki yenu, ila mjue mmechelewa, nimeshajitukana kuliko mtakavyoweza.

Funzo mtalitoa wenyewe, mimi nina moja tu. Nilidhani kosa langu ni viroba. Viroba ni ujinga wa kijana anayewahi mpira, mtu yeyote angenisamehe kabla ya swala ya alasiri. Kosa langu ni kwamba kila nilipotaka kusema nilitafuta kwanza namna ambayo mimi sitaumia. Picha ya majini, nafasi iliyoachwa wazi kaburini, na hata uzi huu kwa jina la bandia, vyote ni hivyo hivyo. Ba'mdogo aliliona hilo kabla yangu.

Jumapili hii ni arobaini ya Mzee. Kisomo kitakuwa pale pale nyumbani, chumba kile kile, na wale wazee wawili wamealikwa. Ba'mdogo nimempigia, hakusema anakuja wala haji.

Waliowahi kusimama mbele ya watu wakalifichua jambo kama hili, niambieni mlianzaje, na miguu mliizuiaje isiondoke. Wanaotaka kunipa moyo wasijisumbue. Na mrejesho msiusubiri humu, maana nikiufanya huu mtandaoni tu nitakuwa nimenyamaza mara ya nne.

Nimeandika hotuba nikaichana. Ilikuwa inaanza na Bibi, inapitia ziwani, ina mpaka picha. Nimeona yote hayo ni kuzunguka. Niliulizwa swali moja, na mzee aliyemhukumu ba'mdogo kwa jibu langu atakuwa amekaa mbele yangu. Nitamwomba aniulize tena alama nilizipiga lini.

Jibu ni maneno matatu, kama lile la kwanza. Kabla ya kushona.